Bi Mwanabaraka wa Ukumbi wa Sabuni

Mimi Sufyan, fundi taa, ndiye mwandishi bora kuliko wote walioacha shule darasa la saba kisiwa hiki kizima, na wa Unguja wakitaka kushindana waje. Ndiyo maana kamati ya ukumbi haikuhangaika kutafuta mwingine wa kuandika risala hii ya kuaga. Cynthia, karani wetu, asema ni kwa kuwa wengine walikataa. Cynthia ana wivu.

Bi Mwanabaraka anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Oktoba 1998, baada ya miaka ishirini na tisa chini ya paa moja. Paa moja, kazi mbili. Aliingia hapa nyuma ya Liwatoni kiwanda kikiwa bado kiwanda, akawekwa kwenye meza ya kufunga sabuni. Kilipofungwa mwaka 1990 wenzake walitawanyika, wengine wakaenda kuparua samaki, wengine wakarudi kwao Kaloleni. Yeye alibaki na funguo, akiwafagilia popo. Wenye jengo walipokubali ligeuzwe ukumbi wa sanaa wa mtaa, walimkuta mlangoni na ufagio wake. Akawa msimamizi, na popo wakahama.

Hakudai makubwa. Alitaka jambo moja tu: yeye na Bi Nyevu waimbe jukwaani wimbo wa meza, mbele ya wote waliowahi kufunga sabuni. Kwa wasioujua, Bi Mwanabaraka alikuwa akianzisha kwa Kimvita, na Bi Nyevu, aliyekaa mkabala naye, akiitikia kwa Kigiriama. Mwito ukitoka, mche wa sabuni unafungwa karatasi. Kiitikio kikija, unasukumwa sandukuni. Mnyapara akiwaudhi, waliuimba polepole kama wanaobembeleza mtoto, na kiwanda kizima kikatambaa. Kiitikio hakikuwa na mwenyewe mwingine, maana Bi Nyevu alikibadilisha kila siku kumfuata aliyemuudhi.

Mwaka wa kwanza wa tamasha la ukumbi kilituponza kisa cha povu. Asubuhi ya ufunguzi Bi Mwanabaraka alitazama sakafu, akakunja uso. "Hatupokei wageni na taka hizi," alisema, "watu watadhani twalelewa jalalani." Akaamuru maji. Mtu aliyeishi na sabuni umri wake wote alisahau kwamba sakafu ile imekunywa sabuni miaka nenda miaka rudi. Tulipopiga brashi, povu likatufika magotini. Tulipoongeza maji kuliondoa, likatoka nje kusalimia barabara. Charo, mpiga ngoma wetu, aliteleza toka mlangoni hadi jukwaani, na wageni wakampigia makofi wakidhani ndiyo ngoma yenyewe. Tulipomaliza kukausha, magharibi ilishaadhiniwa, na wimbo wa meza, uliokuwa mwisho wa programu, ukaahirishwa.

"Haidhuru," alisema Bi Mwanabaraka. "Mimi nipo, Nyevu yupo."

Mwaka wa pili ikawa pazia. Kila mfunga sabuni wa zamani alitoa kanga moja, na Bi Mwanabaraka akaziunga kwa mkono wake. Lilipendeza, ila kanga zina majina, yale maneno ya mafumbo pindoni, na watu wetu wajua kusoma. Bi Mwanakuu, aliyeketi kiti cha mbele, alilisoma jina lililomkabili, akakata shauri kwamba amepigwa kijembe na Bi Raihana, jirani yake wa Ndia Kuu.

"Na taa wameielekeza papo hapo," alisema, "nisije nikakosa kuona."

"Kanga yangu ni ile ya pembeni, mwenzangu," alijibu Raihana. "Lakini kama hiyo imekuenea, jitande."

Taa ilikuwa yangu, na ilimulika vizuri mno. Bi Mwanabaraka alisimamisha shughuli, akalishusha pazia, akalipindua juu chini. Watu wakaendelea kulisoma kwa kupinda shingo. Muda ukatuishia, na wimbo ukasogezwa tena. Mwaka wa tatu hotuba za wageni ziliula muda wote.

Pamoja na hayo, tazameni alichokijenga. Palipokuwa na mapipa ya mafuta, vijana wa Liwatoni wajifunza ngoma. Kwenye ghala la magadi watoto huchora, na Jumamosi wafunga sabuni wa zamani huja kucheza lelemama. Hajafukuza mtu ila wenye viatu vya matope. Hata mimi alinivumilia, ingawa aliwahi kuniambia, "We Sufyan, maneno yako yangekuwa stima, ukumbi huu haungekatiwa umeme daima."

Bi Mwanabaraka, asante kwa funguo ulizozishika wakati hapakuwa na cha kufungua. Twakuombea siha, usingizi wa mchana usio na wa kuukatiza, na wajukuu wanaosikia waitwapo.

Ningependa kuishia hapo, lakini yapo yaliyoharibika, na si povu wala pazia. Programu zote tatu ziliandikwa na sisi wa kamati, na zote tatu wimbo wa meza tuliuweka mwisho. Mwezi Machi mwaka huu Bi Nyevu alizikwa kwao Kaloleni. Juzi tulimwomba Bi Mwanabaraka auimbe leo peke yake, mwanzo kabisa wa shughuli. Alijaribu mbele yetu. Aliimba mstari wake wa kwanza, akanyamaza kungoja kiitikio, akatuambia hapo ndipo anapofika kila mara.