Mama Ngeli na Wahandisi Wake

Ndugu, majirani na wote mliofika kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu ninayemfuata, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Ngeli, jina alilopewa na wanafunzi kwa kuwa hakuwa akiiacha sentensi yenye kosa ipite, hata ikiwa ya salamu.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa baba yetu fundi bomba na mama yetu mshonaji, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1981 akahitimu shahada ya lugha, baba akazunguka mtaa mzima akitangaza habari hizo hata kwa wasiomuuliza.

Tarehe 1 Septemba 1983 aliajiriwa chuo kikuu, Idara ya Lugha, akatumikia wakuu wa chuo wanne, kila mmoja akija na samani zake na misamiati yake. Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na kijana, ambaye ni mwalimu wa hesabu, jambo ambalo dada alisema amekwisha kumsamehe.

Mtihani ulimfika Julai 2004, uongozi wa tatu ulipoifunga idara kwa maelezo kwamba haina soko, wenzake wakapunguzwa, chumba chao kikawa cha mashine za kurudufia, na yeye akapelekwa kufundisha uandishi wa ripoti kwa wanafunzi wa uhandisi. Alirudi nyumbani amefura, akamwambia mumewe, “Kesho naacha kazi, mimi si kiraka.” Shemeji akamjibu, “Hao nao ni watoto wa watu. Waone kwanza, kuacha kazi hakuna foleni.”

Akaenda amenuna, na muhula wa kwanza wakamsinzilia. Muhula wa pili akawatoa nje hadi maktaba, penye ufa ukutani, akasema, “Mwandikieni mwenye jengo aelewe, asiogope bure wala asipuuze.” Ripoti yao ndiyo iliyofanya ghorofa ya juu ifungwe na kujengwa upya, na tangu hapo darasa lilijaa hadi madirishani.

Mwaka 2011 uongozi wa nne uliirudisha idara, akaombwa aiongoze, kwa sharti la kuwaacha wahandisi. Dada, aliyeililia idara ile miaka saba, akasema, “Nipeni vyote viwili, au hicho kiti apewe mwingine.” Kikapewa mwingine, naye akabaki na darasa lake hadi alipostaafu mwaka 2018, na hatukumsikia akijuta.

Juni 2022 alipatikana na uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji uliomwondolea sauti, akawa anaongea kwa kuandika. Asubuhi moja daktari alisema, “Mgonjwa leo amepoa,” dada akaandika, “Iliyopoa ni chai. Mimi nimepata nafuu.” Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, nyumbani, binti yake akimchana nywele, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia bila kuombwa, walimu wenzake, na wahandisi waliosimamisha kazi zao leo ili wambebe wenyewe mwalimu wao.

Dada, umechoka kwa haki, pumzika salama.