Chuma Mlangoni

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Gisiri, mkulima wa tumbaku kutoka Kehancha, alikuwa amefumba macho ndani ya basi la Homa Bay, lakini masikio yake hayakulala hata kidogo. Kwenye kiti cha mbele yake, mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alimuuliza msichana mwenye chuma cha kutembelea mguuni anakokwenda.

"Naenda kusoma kompyuta, mama. Shida ni mlangoni. Lazima kila mtu avue viatu, eti vumbi linaua mashine."

"Si uvue tu, nyathina, mwanangu?"

"Kiatu changu kimeshikana na hiki chuma. Nikivua, sisimami. Juzi niliingia nikitambaa, wenzangu wakinitazama. Leo naingia nacho. Wakinifukuza, wanifukuze nikiwa nimesimama."

Gisiri alisahau kwamba anajifanya amelala, akafumbua macho.

"Wewe!" mama alimkemea msichana. "Kompyuta ni kitu cha heshima. Hata kanisani kwetu tunavua viatu."

"Na kiwete, mama, mnamvua mguu?"

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi, lakini hakukubali. Walibishana hadi Rongo na kuipita, wakila njugu za mfuko mmoja.

Basi liliposimama Homa Bay, mama aliinama, akapangusa soli ya kile kiatu, kisha akararua kipande cha leso yake na kuifunika soli hiyo nacho.

"Mimi bado nasema viatu vinavuliwa," alisema. "Lakini ukifika mlangoni, fungua hiki kitambaa. Vumbi ndilo litabaki nje."