Mafindofindo Mawili, Figo Mbili

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa saluni ya kinyozi, na makreti mawili ya soda kwa wanaochelewa. Saa nne asubuhi huwa kimeshajaa. Yupo kinyozi mwenyewe, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Profesa, fundi baiskeli aliyeachia shule darasa la sita na tangu hapo hakuna jambo asilolijua. Na yupo Spana, fundi bomba, mtu wa watu, kifua kipana kama mlango wa ghala. Mwenye kahawa anamimina, wenyewe wanapayuka. Siku hiyo Fundi Saa alikaa ubavuni kwa Spana, ambaye ni shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia. Figo za binti yake zimekufa zote mbili, daktari anataka ndugu wa damu waje kupimwa, na yeye baba mtu amekataliwa mlangoni kwa sababu ana sukari. Amebaki mjomba. Neno lilikuwa fupi, kulianza ndiyo kazi.

— Shemeji, akaanza. Yule mtoto figo zimegoma kabisa. Anasafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Sasa mimi nilikuwa nataka...

— Ngoja kwanza, Redio akadakia. Yule mwalimu wa chekechea? Si alikuwa anaumwa koo tu?

— Ilianzia kooni.

— Kutoka kooni mpaka kwenye figo? Hiyo si safari ndogo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wa benchi lile ukiwapa kitu cha kueleza, umewapoteza.

— Ni sauti hiyo, Redio akasema. Watoto arobaini, anawaimbia kutwa. Koo likikauka linavuta maji kutoka chini. Na chini maji yako wapi? Kwenye figo. Yamevutwa mpaka yakaisha.

— Acha mambo yako, Spana akamkata. Maji hayapandi bila pampu, hizi ndizo kazi zangu. Koo ni bomba la kuingizia, figo ni chujio. Bomba la juu likishika kutu, kutu inashuka, chujio linaziba. Ningekuwa mimi ningefungua, nikapitisha waya, nikafunga. Nusu saa.

— Binadamu apitishwe waya?

— Natoa mfano, bwana.

Fundi Saa alimtazama shemeji yake akicheka. Mtu huyu hajawahi kuumwa hata mafua. Lazima figo zake ni nzima, akawaza, halafu akaona haya, maana alikuwa anamkagua kaka wa mkewe kama mtu anayechagua bidhaa dukani.

— Nyote mnababaisha, Profesa akasema. Hesabuni. Mafindofindo ya kooni mangapi? Mawili. Figo ngapi? Mbili. Mnadhani Mungu alibahatisha? Hao ni mapacha. Ukimtesa wa juu, wa chini anasusa kazi.

— Na macho je? Nayo si mawili?

Profesa alifikiri kidogo.

— Ndiyo maana mtu akiumwa figo anavimba mpaka macho.

Hakuna aliyempinga, kwa sababu binti alikuwa amevimba kweli. Fundi Saa aliukumbuka uso ule, asubuhi, macho yamebaki mistari miwili. Alimwambia amelala kupita kiasi, aamke aende kazini. Na mtoto aliamka, akaenda.

— Kwani daktari mwenyewe amesemaje? mwenye kahawa akauliza.

— Amesema koo likiingiwa na vijidudu, mwili unatoa askari wake. Kwa watu wengine askari hao wanakwama kwenye figo, wanaziunguza kidogo kidogo. Kila koo lilipomuuma, mkojo uligeuka kama chai ya rangi. Siku mbili tatu, ukatulia. Miaka sita hiyo.

— Na alikuwa anakwambia?

— Alikuwa ananiambia. Mimi nikamwambia anywe maji.

Redio aliacha kunoa wembe.

— Daktari akaniuliza, Fundi Saa akaendelea, mtoto alikuwa anatumia dawa gani ya koo.

Benchi zima likageukia mlango wa saluni. Ndani ya saluni, juu ya kioo, kuna kopo la maziwa ya unga, na kopo hilo walilionea fahari kuliko kitu chochote pale kijiweni. Mtu akipewa dawa hospitali akapata nafuu, zilizobaki anazileta humo zimfae mwenzake. Mwenye koo anachukua vile vidonge vya rangi mbili, anameza viwili leo, viwili kesho, koo likilegea anarudisha vilivyobaki. Kurudisha ndiyo uungwana. Fundi Saa alimchukulia mwanawe humo tangu yuko sekondari, na alikuwa anarudisha.

— Ukamwambia habari za kopo? Redio akauliza taratibu.

— Nikamwambia. Akavua miwani. Akasema dozi ikikatishwa, vijidudu vinaweza kubaki palepale vikingoja siku nyingine. Nikamuuliza, kwa hiyo ni mimi? Akasema hawezi kujua. Wapo wanaomaliza dozi na figo zinakufa vilevile.

— Si umeona, Profesa akasema. Hata yeye hajui.

— Hajui. Bora angejua. Bora angeniambia ni wewe, nikalia nikamaliza.

Redio aliinuka akaingia ndani, akarudi na kopo mkononi. Alilitazama kama mtu aliyeshika kitu cha wizi. Kisha, masikini, mazoea yakamzidi.

— Zimebaki nne, akasema. Kama zitamsaidia.

— Sisi tulikuwa tunasaidiana tu, Spana akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Yule ni mtoto wetu sote. Mimi yule ningempa chochote.

Fundi Saa akageuka.

— Shemeji...

— Chochote kile. Ila hospitali ndiyo siziwezi. Mtu anaingia na tatizo moja anatoka na matatu. Dada yangu alilala pale siku nne, tukamtoa amefunikwa. Nilimbeba mimi. Tangu siku ile hata geti lao nikiliona navuka barabara.

Fundi Saa aliijua siku ile. Hata yeye alikuwa amebeba, upande wa miguu.

Wakati huo kulikuwa na mwanamke amesimama kando, amekumbatia saa ya ukutani, anamngoja fundi wake amalize maongezi.

— Samahanini, akasema. Nimesikia bila kukusudia. Mdogo wangu alipitia njia hiyohiyo, alipewa figo na kaka yetu, na mpaka leo yupo. Huyo binti, nani ameshaenda kupimwa?

— Baba yake ana sukari, Redio akasema.

— Mama yake?

— Alishatangulia.

— Pole sana. Yaani na upande wa mama hakuna mtu kabisa?

Redio alimtazama Profesa. Profesa aliangalia ardhi. Mwenye kahawa alisimama na birika hewani, hamimini, haliweki chini.

Spana aliweka kikombe kwenye benchi kikiwa nusu. Akaokota mfuko wake wa vifaa, akautupa begani.

— Kuna watu wananingoja, akasema. Maji yanamwagika tangu asubuhi.

Akaondoka upesi, hakugeuka. Walimsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona. Redio akabaki anaitazama kona ile, halafu polepole akamgeukia Fundi Saa.

— Kumbe hilo ndilo ulilokuja kumwambia.

— Leo siku ya tatu nakuja, Fundi Saa akasema.