Filister Awuor Makori na Mawe Yake ya Zinki, 1941–1999

Filister Awuor, mke wa Mzee Job Makori, alizaliwa tarehe 9 Februari 1941 katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa Macalder, Migori. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Cephas Odero, aliyeendesha winchi ya kuteremsha watu shimoni. Wengine mgodini walihangaikia dhahabu na shaba. Mzee Cephas alimletea bintiye jiwe la zinki lililotupwa, la rangi ya kahawia, lililometameta kama asali iliyoganda. Mtoto alilala nalo. Mama yake alipomuuliza kwa nini hachezi na mwanasesere kama wenzake, alijibu, "Mwanasesere hang'ai."

Alianza masomo karibu na mgodi mwaka 1949, kisha akaenda shule ya kati ya wasichana, akamaliza mwaka 1958. Alipenda jiografia na kuimba. Sauti yake wengi wenu mnaikumbuka. Ilikuwa ikifika kanisani kabla yake.

Mwaka 1962 aliajiriwa kuwa karani wa posta mjini Homa Bay, na huko ndiko zinki ilikomkuta tena. Siku moja mwaka 1972 kifurushi kutoka Kabwe, Zambia, kilipasuka kona na jiwe likadondoka juu ya meza yake. Lilikuwa zinki, lakini ya buluu iliyochanganyika na kijani, kama ziwa baada ya mvua. Alilifunga vizuri likaenda kwa mwenyewe, kisha akamwandikia aliyelituma, mzee aliyestaafu mgodini: "Hilo jiwe lako limeninyima usingizi. Mimi nina la Macalder. Tubadilishane?" Wakabadilishana. Yule wa Kabwe akamjulisha kwa rafiki yake wa Tsumeb, Namibia, na wa Tsumeb akamjulisha kwa bwana mmoja wa Franklin, Amerika, mahali ambapo zinki ilichimbwa tangu zamani. Hivyo ndivyo mwanamke ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa Kenya alivyopata marafiki katika kila mji wenye mgodi wa zinki. Chini ya kitanda chake palikuwa na mawe ya manjano, ya waridi, ya kijani na meupe kama povu, kila moja limefungwa kwa kitambaa cha fulana kuukuu.

Lakini tusiruke ndoa. Mzee Job alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, na alikuja posta kununua stempu hata pale asipokuwa na mtu wa kumwandikia. Aliposikia kwamba karani anapenda mawe ya rangi, aliokota kokoto barabarani, akalipaka rangi ya buluu ya lori lake, akampelekea. Filister alilikwaruza kwa ukucha, akacheka hadi mkuu wa posta akatoka ofisini. "Jiwe hili ni bure kabisa," alimwambia. "Lakini aliyelipaka rangi, mwambie aje nyumbani amwone baba." Walifunga ndoa Homa Bay tarehe 17 Desemba 1966, na Mungu akawajalia Trizah, Monari na Nyabuto. Alipostaafu mwaka 1991 walihamia boma lao hapa Oyugis, naye akachaguliwa kuongoza kwaya ya akina mama.

Mwaka 1995 ulimjaribu. Rafiki yake wa Franklin alikuwa amemwandikia kwamba baadhi ya mawe aliyomtumia huwaka gizani yakimulikwa kwa taa ya zambarau. Filister hakuwa na taa hiyo wala hakujua pa kuipata. Siku moja aliingia kwa Zubair, mwenye duka la mabati na misumari mjini, akamkuta akikagua noti kama ni halali kwa kijitaa cha zambarau. Filister alisahau misumari aliyotumwa. Alifungua mkoba, akatoa jiwe, akaliweka chini ya taa. Jiwe likatoa mwanga wa kijani. Akapiga kelele za furaha, na wateja wakakimbilia nje.

Kufikia siku ya soko, habari zilikuwa zimebadilika sura. Mama Trizah ana mawe yenye macho! Mama Trizah ameyafuga! Wazee wa kanisa walikutana, wakamtaka ayatupe mawe au aache kwaya. Jambo hilo lilimuumiza sana. Kwa wiki nzima hakuimba hata akifua. Alimwuliza mumewe kama ayatupe.

"Mama Trizah," Mzee Job alisema, "mimi nimelala juu ya mawe haya karibu miaka ishirini na tano. Kama yangekuwa na shetani, angekuwa ananiita kwa jina. Usitupe. Waite waje waone."

Aliwaita. Zubair alitoa stoo yake ya mabati, ambayo haikuwa na dirisha, akaziba nyufa za mlango kwa magunia. Adhuhuri ya Jumamosi, Mchungaji Gichana na wazee wanne waliingia, wakashika Biblia zao kifuani. Filister akawasha taa. Mwanzoni mwanga ulikuwa hafifu, kisha macho yakazoea giza: jiwe la Franklin likawa kijani kama jani changa la mahindi, na la Tsumeb likawa kama kaa la moto.

"Yawa!" alisema Mchungaji. "Na hii yote iko ndani ya udongo, na sisi tunakanyaga tu?"

"Tunakanyaga tu, Mchungaji," alijibu Filister. "Na hii ndiyo zinki iliyopakwa kwenye mabati ya kanisa lako."

Mchungaji alianza kucheka. Mzee mmoja akaomba kulishika jiwe la kijani, mwingine akasema zamu ni yake. Zubair alilazimika kuwakumbusha kwamba ana wateja. Kesho yake Filister aliongoza kwaya, na walioketi nyuma wanasema mabati yalitikisika.

Mwaka 1997 moyo wake ulianza kudhoofika. Aliyagawa mawe yake kwa shule na kwa yeyote aliyemtembelea na kuuliza swali. Mwezi huu wa Machi alilazwa hospitali ya Homa Bay. Ijumaa jioni Trizah alimpelekea kifurushi cha mwisho kutoka Tsumeb: zinki ya waridi. Filister aliliinua jiwe hilo kwenye mwanga wa dirisha, akamwuliza mama wa kisiwa cha Rusinga aliyelala kitanda cha pili, "Unaionaje?"

"Kama ulimi wa ndama," alijibu yule mama.

Filister alicheka hadi muuguzi akaja. Kisha akaagiza jiwe lizungushwe wodi nzima, kitanda hadi kitanda, kila mgonjwa akae nalo apendavyo. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1999. Trizah alipokwenda kuchukua vitu vyake, jiwe lilikuwa limefika kitanda cha mwisho, mkononi mwa msichana aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Msichana aliharakisha kulirudisha. Trizah akamfumba vidole juu yake, akamwambia, "Hapana. Mama amekupa."

Ameacha mume, Mzee Job Makori. Watoto Trizah, Monari na Nyabuto. Wakwe, wajukuu saba, wanakwaya, na marafiki huko Kabwe, Tsumeb na Franklin ambao tumewaandikia.

Lala kwa amani, Nyar Macalder, binti wa Macalder. Udongo uliokupenda umekupokea.