Mama Mkasi, Aliyerudi Mezani

Tarehe 30 Juni, Mama Mkasi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha kukatia vitambaa. Alianza kwa kuokota vipande sakafuni. Anaondoka akiwa fundi mkuu, na ni nadra kumkuta muuguzi mjini hapa ambaye sare yake haikupita mikononi mwake.

Ulimi wake nao una makali. Mwanafunzi akikata shaghalabaghala, humwuliza kama nguo hiyo ni ya binadamu au ya meza. Meneja mmoja alimhimiza aharakishe, akakabidhiwa mkasi aendelee mwenyewe. Mameneja waliomfuata wote wamekuwa na adabu.

Lakini kuna jambo tunalojivunia zaidi, na yeye mwenyewe ameniomba niliandike wazi. Alipojifungua binti yake, mwili ulirudi kazini, yeye hakurudi. Siku moja alikata rundo zima la mashati, yote yakatoka na mikono ya kushoto pekee. Tulicheka, kisha tukaona analia. Msimamizi alimketisha pembeni, naye akasema, “Mtoto namnyonyesha, namwogesha, lakini moyoni sina kitu. Naogopa atakua bila mama, nami nipo.”

Mama mkwe alidhani ni uchovu. Majirani wakasema anadeka. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeuita ugonjwa kwa jina lake, sonona ya baada ya kujifungua, akampeleka kwa mshauri nasaha. Alikwenda kila wiki, karibu mwaka mzima. Mwanzoni alitazama feni tu, na mshauri hakumharakisha. Haba na haba maneno yakatoka, usingizi ukarudi. Asubuhi moja mtoto alicheka, naye akajikuta anacheka pia. Siku hiyo alichelewa kazini na hakuomba radhi.

Hakujificha. Akiaga kwenda kwa mshauri, alitangaza chumba kizima kisikie, kama mtu anayekwenda benki. Baadhi yetu nasi tulikwenda kwa mshauri baadaye, yeye akitusindikiza hadi mlangoni. Tunajijua, na tunamshukuru.

Tulimbembeleza aongeze mkataba, akakataa. Binti yule sasa ni mjamzito, na amemwambia, “Mama, ukiniona nimenyamaza, usisubiri. Nipeleke kama ulivyopelekwa.” Alitusimulia hayo kichwa juu, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Asante, fundi wetu. Meza yako ya kukatia tutaitunza. Nenda, mwanao anakuhitaji. Maisha yawe mema kwenu nyote.