Mwalimu Theodora, Aliyefundisha Kupanga Maneno

Ndugu waombolezaji, mimi ni Kasimiri, mdogo wake marehemu, familia imenipa karatasi hii niwasomee.

Mwalimu Theodora Kashindye Ngollo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kijijini Ndala, Nzega, akiwa mtoto wa tatu, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari, na mwaka 1982 akahitimu chuo cha ualimu hapa Tabora, akaanza kufundisha Kiingereza.

Mwaka wake wa pili kazini mkaguzi aliingia darasani, akasoma ubaoni sentensi ya dada, "The driver bus drinks always tea", akaifuta mbele ya wanafunzi, akatoka. Kesho yake dada aliandika, "The bus driver always drinks tea", akawaambia, "Jana niliwafundisha vibaya. Sisi tunasema dereva wa basi, dereva anatangulia. Kwa Kiingereza basi linakaa mbele ya dereva, na hilo always linatangulia kitendo." Somo hilo alilifundisha miaka thelathini na minane, wanafunzi wakimwita Mwalimu Dereva wa Basi, naye akiitika.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu Renatus, seremala wa Isevya, wakajaliwa watoto wawili, Elieza na Mwanne. Alistaafu Machi 2021.

Tarehe 9 Februari 2024 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi, maneno yakampotea, akabaki na majina ya vitu tu. Siku aliyorudi kutoka hospitali alisema, "Maji." Shemeji akamuuliza, "Ya moto au ya baridi, mama Elieza?" Akasema tena, "Maji." Shemeji akaleta vikombe viwili, akaviweka mbele yake achague, na akafanya hivyo kila siku kwa miezi kumi na minane.

Alifariki tarehe 17 Agosti 2025, saa nane mchana, nyumbani. Nilikuwepo. Sikulia, na mpaka sasa sijalia, mnisamehe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, na majirani wa Isevya, hasa Bi Mwanajuma, aliyemwogesha dada siku ambazo sisi tulichoka.

Dada, pumzika kwa amani, shemeji hatutamwacha alale peke yake wiki hii.