Somo Dogo la Madini

Ndugu zangu, mmeniomba nieleze nilivyochagua somo langu dogo, kwa kuwa wengi wenu mna fomu ya chuo mkononi na mnaogopa kuijaza. Nitasema hatua kwa hatua, maana nikiruka moja nitajipendelea. Sitataja jina la mtu. Wawili wanaohusika wamekaa humu na wameshaanza kucheka.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kimironko. Nilikulia Bujumbura, shule nikaiacha njiani, na yaliyobaki nikajifundisha kwenye vitabu chakavu, kati ya suruali moja na nyingine. Mtihani wa sekondari niliufanya nikiwa na mvi. Chuo cha mwisho wa juma kikanipokea nisomee ualimu wa hisabati. Hilo ndilo somo kuu. Fomu ikataka na somo dogo, nikachagua sayansi ya ardhi: miamba, udongo, madini. Sababu yangu ilikuwa moja. Nimeishi miaka yote juu ya vilima na sikujua vimesimama juu ya nini.

Jumapili iliyofuata kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisa kule Kagugu, ninakoishi, akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, huko chuo iko nasoma nini?"

"Hisabati, na madini."

"Madini!" Akashika kichwa. "Madini yote?"

"Yote. Tunaanza na ya huku kwetu."

"Na ya Waislamu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nyinyi mnajua: kwa Kinyarwanda, amadini ni dini zikiwa nyingi. Mimi nimesema mawe, yeye amesikia makanisa na misikiti. Nawaambieni, kumsahihisha kungechukua muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi, na fundi wa suruali hupigiwa makofi mara ngapi? Nikanyamaza.

Kwa kunyamaza kule nilijishonea nguo nikiwa ndani yake, bila kifungo wala zipu. Wiki iliyofuata nikapewa kusoma Neno. Kisha nikaombwa kufafanua. Jirani yangu wa cherehani, Mwislamu, akaja na furaha yake yote: "Mwalimu, nasikia unasoma na dini yetu. Uliza chochote, usione haya." Mke wangu akakuta mawe yangu ndani ya sanduku la vifungo.

"Baba, haya ni ya dini gani?"

"Ya zamani sana," nikamjibu.

Mnacheka. Mimi sikucheka. Kila juma watu waliniletea maswali ya dini, nami nikasoma vitabu vya dini ili nisiumbuke. Saa za miamba zikaliwa. Mtihani wa sayansi ya ardhi ulipokuja, nilifeli. Chuo kikanipa njia mbili: kuurudia mtihani, au kubadilisha somo dogo. Nikachukua fomu ya kubadilisha na kuandika, kwa mwandiko wangu bora: Elimu ya Dini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Badala ya kukiri uongo, ningeugeuza uwe kweli. Fomu ilitakiwa Jumatatu. Nilitembea nayo mfukoni mwa shati. Nilikuwa nakitupa kitu pekee nilichowahi kujichagulia mwenyewe, na sikuona pa kutokea.

Jumamosi tukasali kwa mama mmoja mjane. Nyumba yake ipo mtelemkoni, kilima kimechongwa nyuma kuipa nafasi. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Nilienda nyuma kunawa mikono, nikaona ardhi ya juu imepasuka. Ufa ulijikunja kama shingo ya shati, upana wa vidole viwili. Chini ya ukingo yalikuwa yakitoka maji ya matope. Nikarudi ndani kumuuliza mama kama kuna mlango unaokataa kufunga.

"Wa chumbani, tangu juzi. Umejuaje?"

Nilijua kwa sababu ile ndiyo sura ya kitabu niliyofelia.

Kabla sijasema neno, kiongozi akasimama. "Mwalimu wa madini, tubarikie nyumba ya mama."

Watu wakainamisha vichwa. Ndugu zangu, nilisimama pale na uongo wangu mbele na kilima nyuma. Nikisema kweli, nawapoteza watu wale. Nikibariki, mama analala chini ya ukingo ule.

"Mimi sisomi dini," nikasema. "Nasoma madini. Ya mawe. Na kilima hiki kinakuja."

Kiongozi akainua kichwa: "Umetudanganya mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Halafu leo tukuamini?"

"Msiniamini. Uaminini uzi."

Nilichomeka vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, nikafunga uzi wa jeans kati yake, nikaukaza. Nikasema: ukikatika kabla ya chai kwisha, mama halali hapa. Mama akalalamika, "Nyumba nimeipaka rangi juzi tu!" Tukanywa chai. Kiongozi ndiye aliyekwenda kuangalia. Alirudi na vipande viwili vya uzi mkononi, akashika ncha moja ya godoro. "Fundi, shika huku."

Mkuu wa mudugudu, ndio mtaa wetu, alipofika alitaka maelezo kwa maandishi. Karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa ile fomu. Nikachora nyuma yake kilima, ufa, maji na nyumba mbili za jirani zilizokuwa hatarini. Akaichukua, akaondoka nayo akigonga milango. Alhamisi ukingo ukaanguka na udongo ukajaa chumba cha mama hadi dirishani. Ndani hapakuwa na mtu. Jumatatu ilikuwa imeshapita, na mimi sina fomu. Nikaurudia mtihani wa miamba, nikafaulu.

Namshukuru kiongozi aliyenikasirikia kwa haki, kisha akawa wa kwanza kushika godoro. Namshukuru mke wangu, ambaye sasa anaosha mawe yangu pamoja na vyombo. Namshukuru jirani yangu Mwislamu. Nilipomwambia ukweli alisema, "Basi uniambie kwa nini kisima chetu kina maji mekundu." Tukaenda kukitazama.

Wosia wangu ni mfupi. Chagua somo unalolitaka wewe. Ukiulizwa unasoma nini, jibu, halafu subiri ujue mtu amesikia nini. Makofi yakija kabla ya kueleweka, yazuie kwa mkono.

Mama yule amehamia mbali na ukingo. Nyuma ya nyumba mbili zilizobaki nimefunga nyuzi mbili. Kila Jumamosi mama ananiita kutoka mlango wa nyumba yake mpya: "Mwalimu wa madini, uzi iko nasema nini?"

Nilipita kuziangalia kabla ya kuja hapa. Nyuzi zote mbili ni nzima.